Zamu ya Vidonge

Kwanza walinichoma. Shangazi wa mume wangu alitia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, wanawake wawili wakanikalia miguu, naye akanigusa kifuani, akainua, akagusa tena. Harufu ya nyama yangu niliisikia kabla ya maumivu. Kwetu Waorma kifua kinachouma huchomwa, kama bega la ng'ombe linavyochomwa, na wapo waliopona hivyo. Mimi nilibaki na kikohozi kilekile pamoja na makovu ambayo mpaka leo nikioga nayapapasa.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayekohoa sasa hivi, amejifunika mdomo kwa leso, anawaambia wenzake ni vumbi. Si vumbi, dada yangu. Mimi nilisema vumbi tangu mvua zilipokatika hadi ng'ombe wakaanza kushuka delta kutafuta majani, na muda wote huo nilikuwa naliwa kutoka ndani. Kifua kikuu hakikufanyi ukohoe tu. Kinakushika mbavu, kinakunyanyua kitandani, kinakubwaga. Asubuhi moja kilinivunja ubavu mmoja. Niliusikia ukikatika, nikapiga yowe, na lile yowe likaleta kikohozi kingine juu ya ubavu uliovunjika. Hakuna aliyewahi kunipiga vile, na mimi nimekulia na kaka watano.

Jina langu ni Sadia, mama Abdi, mke mkubwa wa Barisa. Boma letu liko upande wa mbuga, si mbali na Garsen, ambako nilisoma hadi darasa la nane kabla ya kuolewa. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Mke mdogo anaitwa Dhahabo. Yeye ni mwembamba, mrefu, ana mdomo unaoweza kukamua fahali. Tangu aolewe tulikuwa hatusemezani isipokuwa kwa kupitia mifugo. Nikitaka kumtukana nilimtukana mbuzi wake, "We mbuzi, mvivu, huna haya," naye akijibu alimjibu kuku wangu. Watu wa boma walitoka nje kusikiliza.

Barisa mwenyewe ni mtu wa haki mpaka anachosha. Sukari aliipima kwa kikombe kimoja. Akininunulia leso, na Dhahabo alipata leso. Alilala siku mbili kwangu na siku mbili kwa mwenzangu, na hata angekuwa na homa asingevusha zamu. Alifundishwa kwenye chuo cha Kurani akiwa mdogo kwamba mwenye wake wawili akimwegemea mmoja, siku ya Kiyama ataletwa bega moja limeanguka. Wengine walilisikia hilo wakalisahau. Barisa hata akiketi kunywa chai hukaa wima, mabega sawasawa, utadhani Kiyama ni kesho.

Hali yangu ilipokuwa mbaya zaidi, Dhahabo naye akaanza kukohoa. Alimwambia kuku wangu kwamba mwanamke mmoja wa hapa, akiona anakufa, ameamua asife peke yake. Sikuwa na pumzi ya kumjibu mbuzi. Watoto wetu walipelekwa Garsen kwa dada yangu, na Abdi wangu alipoondoka hakuruhusiwa kunikumbatia. Alinipungia mkono kutoka kwenye boma la ng'ombe. Siku hiyo nililia nikatukana kila mtu aliyepita, hata shangazi aliyekuja na maziwa.

Ndipo akaja Bi Mwanaisha. Yeye ni muuguzi aliyekuwa akifanya kazi na watu wa utafiti wa dawa, mama wa makamo kutoka Kipini, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, macho anaita mato. Alishuka kwenye pikipiki, akafunga barakoa, akaingia nyumbani kwangu na kuketi kitini, mahali ambapo jirani zangu walikuwa hawaingii tena. Alichukua makohozi yetu kwenye vikopo. Aliporudi alituambia sote wawili tuna kifua kikuu na sote tunaweza kupona. Kisha akatueleza habari ya utafiti. Dawa za kawaida humezwa miezi mingi, na wengi huchoka wakaacha katikati, ugonjwa ukarudi na meno mapya. Madaktari walikuwa na dawa nyingine ya muda mfupi, na walitaka kujua kama inaponya sawasawa na ile ndefu.

"Basi tupeni hiyo fupi," nikasema.

"Hapana, mwanangu. Hapa huchagui wewe, wala sichagui mimi. Mashine yapiga kura. Nikichagua mimi nitampa fupi ninayemwonea huruma, kisha tutajidanganya kwamba ndiyo bora. Na kama hutaki kuingia, sema. Dawa ya kawaida utapata vilevile."

Tulikubali wote wawili. Mashine ikanipa mimi dawa fupi, Dhahabo akapata ndefu. Nilitambaa hadi mlangoni nikamwambia mbuzi, "Utameza mpaka mvua mbili zipite, na mimi nitakuwa nacheza ngoma." Barisa aliposikia kura ilivyoanguka uso wake ulibadilika. Alimuuliza Bi Mwanaisha mara mbili kwa nini huyu apewe fupi na huyu ndefu, na mara zote mbili aliambiwa ni kura tu. Akaondoka akitikisa kichwa.

Bi Mwanaisha alikuja kila wiki, akaleta mfuko wangu na mfuko wa Dhahabo. Mifuko aliitunza Barisa kwenye sanduku lake la mbao, kwa sababu mbuzi wetu hula chochote. Baada ya sala ya alfajiri alituletea vidonge pamoja na maziwa, kila mmoja kwake. Alisimama mpaka tumemeza. Siku mbili niliona vidonge vikubwa vyekundu, siku mbili vingine vya rangi tofauti, kisha vyekundu tena. Nikadhani ndivyo madaktari walivyopanga. Nilikuwa na homa, kichwa kinazunguka, na mtu anayekupa dawa ni mume wako. Ningemuuliza nini? Bi Mwanaisha akija alihesabu vilivyobaki katika kila mfuko na kuviona barabara. Alimsifu Barisa mbele ya watu kwamba hajaona mwanamume mwangalifu kama huyu, naye Barisa akanyoosha mabega.

Lakini sikupona. Wiki za kwanza nilipata nafuu kidogo, kikohozi kikalegea, nikaweza kukaa nje. Kisha kikarudi na hasira. Jasho lilinilowesha mpaka mkeka ukaoza. Mikono yangu iliyokuwa ikibeba madumu mawili ikawa mikono ya mtoto, na pete ikadondoka kwenye uji. Nywele zilitoka zikabaki kwenye kitana. Kiangazi kilikuwa kimekaza, ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani kwenda mtoni, na fisi walishiba wakaacha hata kukimbia wakiona watu. Nililala mlangoni nikitazama ndama akifa taratibu nje ya boma, nikamwonea wivu kwa sababu alikuwa anamaliza.

Upande wa pili wa ukuta wa mikeka Dhahabo alitapika. Alitapika maziwa, kisha maji, kisha kitu cha kijani, na baina ya matapishi alinilaani kwa jina la baba yangu. Mimi nilitukana kupitia ukuta mpaka kikohozi kikanikaba. Shangazi akaleta chuma tena. Nilichukua kigoda nikamrushia, kikampata gotini, akaondoka akichechemea, na tangu hapo hakuna aliyenichoma.

Bi Mwanaisha alipokuja wiki ile alimshika Dhahabo kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Nionyeshe mato yako."

Yalikuwa ya manjano kama bizari ya mchuzi. Alinisikiliza na mimi kifua, akakunja uso, akapiga simu. Kesho yake gari la utafiti likatuchukua wote watatu, Barisa mbele na fimbo yake, sisi wake wawili nyuma, tumegeuziana migongo.

Mahali pa kungojea palikuwa nje ya zahanati, mabenchi chini ya bati, upepo ukipita ili tusiambukizane. Mtu asiyewahi kuumwa hajui mabenchi yale. Ukikaa hapo unajifunza vikohozi vya watu kabla ya majina yao. Kulikuwa na mzee wa Kipokomo aliyetokea Golbanti kabla ya jua kuchomoza, na kila nilipokohoa alisema "Pole, mama," kwa sauti ndogo. Sijui yuko wapi sasa, lakini pole zile nilizihitaji kuliko maji.

Dhahabo aliwekwa karibu nami kwa sababu benchi lingine lilijaa. Alikuwa ananuka matapishi. Akainama, na badala ya kugeukia uani akatapikia miguu yangu.

Nilimpiga kofi. Sikufikiri. Nguvu sijui nilizitoa wapi, lakini kofi lile lilimwangusha kwenye benchi, naye akaamka na kucha zake usoni kwangu. Nilimshika nywele. Alinishika kidole cha shahada kwa meno, akakiuma mpaka nikausikia mfupa. Tulianguka chini kwenye matapishi, wanawake wawili tusioweza hata kuinua ndoo, tukapigana kama tunataka kumaliza kabla ugonjwa haujatumaliza. Watu wakapiga kelele. Alikuwa na damu yangu mdomoni, mimi nina nywele zake ngumini.

"Ni vidonge vyako vinavyoniua!" alipiga kelele. "Wewe mwanamke ng'ombe! Kila vile vikubwa vikija kwangu ndipo natapika! Kwa nini usife navyo wewe mwenyewe!"

Nilimwachia nywele.

"Vinakuja kwako vipi?"

"Si zamu yangu ikifika!"

"Zamu gani?" Hiyo haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya Bi Mwanaisha, amesimama juu yetu na glavu mkono mmoja.

Kisha Barisa akasogea mbele, akaegemeza fimbo ukutani ili azungumze vizuri, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho "anakula" huwa "nakula", wala hakuona haya, maana alikuwa anajibu jambo alilolifanya vyema.

"Sista, mimi nagawa sawasawa. Siku mbili huyu nakula dawa yake, huyu nakula yake. Siku mbili nageuza. Huyu nakula ya huyu. Hakuna mimi napendelea. Hata moja haipotei, wewe mwenyewe nahesabu."

Bi Mwanaisha aliketi chini. Aliketi kwenye sakafu ileile, akashika kichwa.

Mimi nilielewa kabla hajasema neno. Nilikuwa mwanamke mzito, Dhahabo mwembamba. Vidonge hupimwa kwa uzito wa mtu. Siku mbili nilizopewa vya mwenzangu nilimeza kidogo kuliko nilivyostahili, ugonjwa ukacheka. Siku mbili alizopewa vyangu yeye alimeza dawa ya mtu mkubwa kuliko yeye, ini likaungua. Niliinuka nikishika benchi, nikaichukua ile fimbo ukutani, nikampiga Barisa nayo. Nilimpiga begani, nikampiga bega la pili ili yawe sawa, nikampiga mgongoni. Hakukinga. Alisimama wima akinitazama kwa mshangao mkubwa, na mimi nilikuwa nalia, kwa sababu mwanamume mwingine angemwacha mmoja wetu afe na kulala usingizi, na huyu alikuwa anatuua wote wawili kwa kumcha Mungu. Nilimchukia na nilimpenda. Fimbo ilidondoka yenyewe nilipoanza kukohoa, na nilipotazama mkononi niliona damu, na mara hii haikutoka kidoleni.

Daktari wa utafiti alikuwa kijana mpole. Nilitegemea atatufokea. Aliketi nasi uani, akamsikiliza Barisa tena kutoka mwanzo, akauliza jinsi tunavyogawa maziwa, nyama, hata maji ya kiangazi. Kisha akasema, "Sisi tulihesabu dawa. Hatukuuliza nyumba hii inagawaje vitu." Alitueleza kwamba tutatolewa kwenye utafiti, tutibiwe kwa dawa ya kawaida, na matokeo yetu hayawezi kuingizwa pamoja na ya wengine.

Hapo nilipiga benchi. "Nimetapikiwa, nimekohoa damu, mwili wangu wote mmeutia kwenye vikopo, halafu sihesabiwi?"

"Kwenye jibu la dawa hamtahesabiwa, mama Abdi," akasema. "Lakini hili lililowapata nitaliandika, na wenzangu watalisoma."

Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mgonjwa mkali.

Mimi nilianza dawa upya siku hiyohiyo. Dhahabo ilibidi aachishwe kila kitu mpaka ini lipoe, na ugonjwa ukaiona nafasi. Mvua zilipoanza alikuwa wodini katika hospitali ya Hola, mto umefurika na barabara imekatika kwa siku kadhaa. Barisa alizuiwa upande mwingine na ng'ombe waliobaki. Nduguze walikuwa mbali. Nilikuwepo mimi tu, kwa sababu nilikuwa nimekwenda Hola kupimwa na sikuweza kurudi. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika beseni, na alipokohoa ilitoka damu nyekundu yenye povu, ikatoka tena, ikaruka ukutani. Macho yake yalinitafuta. Sijawahi kuona mtu anaogopa vile. Nilimshika paji la uso na nikashika beseni, nikamwambia, "Tema. Tema yote. Ukifa leo nitamtukana nani?" Wauguzi walikuja mbio wakanisukuma. Nilisimama kwenye korido na beseni la damu yake mikononi, nikaomba Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Hakufa. Ini lilipotulia walimrudishia dawa moja moja, taratibu.

Siku ya kuruhusiwa Bi Mwanaisha alikuja Hola, akauliza nani atamwangalia Dhahabo akimeza kila siku. Barisa alikuwa amefika, akainamisha kichwa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi."

"Huyu? Ataniua huyu," akasema Dhahabo.

"Nilipata nafasi ya kukuua nikashika beseni."

Dhahabo akamgeukia muuguzi. "Basi na mimi nimwangalie yeye. Naye afungue mdomo kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, mvua za masika zikiisha na upepo wa kusi ukianza, nilikwenda mlangoni kwake na mfuko wangu, na yeye na wake. Barisa alikatazwa hata kuligusa sanduku. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Sema kitu." Mwanzoni tulichosema ni matusi tu, maana mtu aliyeficha kidonge hawezi kutukana vizuri. Baadaye tulianza kuulizana habari. Mkojo wako leo rangi gani. Miguu inawaka moto? Umelala? Siku ambazo kichefuchefu kilinishinda na nilitaka kuvitupa vidonge porini, Dhahabo alisimama na mwiko akasema atanipiga, na ningepigwa kweli. Kama unameza dawa hizi, tafuta mtu wa kukukalia mlangoni. Si lazima akupende. Tafuta asiyekuonea haya.

Nilimaliza mimi kwanza. Makohozi yangu yakaonekana safi, Abdi akarudi nyumbani, akanikumbatia kwa nguvu mpaka ubavu ule wa zamani ukauma nami sikumwambia. Dhahabo alibakiwa na miezi. Niliendelea kwenda kila asubuhi bila mfuko.

Katika miezi hiyo Bi Mwanaisha alileta habari. Utafiti wao sasa unapiga kura moja kwa boma zima, watu wa nyumba moja wakiugua wanapata dawa ya aina moja, kila mmoja kwa uzito wake. Na kabla ya kumwandikisha mtu wanauliza swali jipya: nyumbani kwenu nani hugawa, na hugawa vipi? Kisima cha ng'ombe kikijaa wanaume, utamsikia Barisa akiwafundisha. "Dawa si maziwa! Usigawe! Kila mtu nakula yake!" Anasema kwa sauti, na mabega yake bado sawasawa.

Jana Dhahabo alimeza vidonge vya mwisho. Makohozi yake ya mwezi huu yalikwisha kuonekana safi. Nilisimama mbele yake.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua. Hapakuwa na kitu. Nikatia kidole kuhakikisha, kilekile chenye kovu, naye akakiuma.

Nilipiga kelele nikampiga kofi la kichwa, akanisukuma, tukaangukia mkekani, na safari hii tulikuwa tunacheka. Tulicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, yeye kwanza, kisha mimi, na Barisa aliyekuwa anakamua akaacha ng'ombe akaja mlangoni. Tukanyamaza wote watatu, tumeshikilia pumzi, tunasikiliza.

Hakikurudi.

Dhahabo akamgeukia mbuzi wake aliyekuwa mlangoni, akamwambia, "Mwambie mke mwenzangu maziwa yapo tayari."